Baba Amesema Kimya

Ijumaa, saa nane mchana, Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea alipanda gari la baba mkwe wangu kulikagua. Alifunga mkanda, akausukuma mlango na kuuvuta kuona kama unashika, akageuka kuhesabu viti vya nyuma, kisha akasema, "Haya babu, tuzunguke." Mimi nilikuwa nyuma na binti yangu, Kifaranga, jina tulilompa siku aliyozaliwa kwa udogo wake na kwa sauti yake isiyokoma. Tuliuzunguka mtaa mara mbili. Mwalimu alizipenda breki, aliipenda mikanda, na dereva mwenyewe alimpenda, na shati lake jeupe lililonyooka kama karatasi.

Tuliposimama akainyooshea kidole dashibodi.

"Kasoro yangu ni hii tu. Inalia kama kabati la vyombo linalohamishwa. Mzazi akiisikia atadhani mwanawe ataletwa shuleni vipande vipande. Itengeneze, babu, halafu Jumatatu asubuhi uanze kutuchukulia watoto."

Baba alikuwa akimtazama mdomo.

"Jumatatu," alirudia, na uso wote ukamkunjuka.

Lazima nieleze hiyo Jumatatu ilikuwa na uzito gani. Baba aliendesha magari ya ofisi ya wapima ardhi miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu akaondoka na mojawapo, stesheni wagoni ya rangi ya chai ya maziwa, yenye safu mbili za viti nyuma ya dereva. Alimwita Bibi Arusi, kwa sababu, alisema, haharakishwi na lazima afike. Tangu astaafu, miaka miwili sasa, alikuwa mtu wa kibarazani, kwenye kiti cha plastiki, akitazama magari ya wenzake yakipita. Ndevu alinyoa mara moja kwa wiki. Lakini tangu Mwalimu Mkuu alipotuma mtu kumuulizia, alinyoa kila siku, na asubuhi tulimsikia bafuni akiimba kwa sauti ya kuamsha mtaa. Watoto sita wangepanda gari lile kila siku. Wa sita ni wangu.

Jumamosi asubuhi Baba alitandika gunia uani, akapanga bisibisi zake kwa urefu, akajipenyeza chini ya usukani, miguu ikabaki nje. Mama mkwe alimpelekea chai, akairudisha imepoa. Kufika saa sita mzee alitoka, akapangusa mikono, akatangaza:

"Imekwisha. Skrubu mbili tu zilikuwa zimelegea. Pandeni."

Nyumbani kwetu kila jambo lina mjadala. Mama akisema mvua itanyesha, tutabishana. Mimi nikisema chumvi imezidi, tutabishana hadi sahani zioshwe. Ila la gari. Baba akisema jambo la gari, limepita. Hata mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga vyuma vya madaraja huko mbali na ambaye hajui kunyamaza, hapo hunyamaza.

Tukapanda, Mama mbele, mimi na Kifaranga nyuma. Gia ya kwanza, salama. Gia ya pili, dashibodi ikaanza. Kata-kata-kata-kata, kuanzia kwenye mita hadi kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria, kama maharage makavu ndani ya debe. Ya jana ilikuwa afadhali.

Baba akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. "Mnasikia?"

Tukasikiliza. Kata-kata-kata.

"Kimya!" alisema Baba.

"Kimya kabisa, mzee wangu," alisema Mama, ameushika kwa mikono miwili mkoba uliokuwa ukitetemeka magotini.

Kifaranga akanitazama. "Mama, mbona ina..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Ndiyo, nilimziba. Mtoto wa miaka minne ndiye peke yake ndani ya gari lile aliyetaka kusema kweli, na mimi mama yake nikamziba.

Mpaka hapo nilidhani ni ubishi tu wa mtu mzima. Nani hapendi kazi yake isifiwe? Lakini tulipofika njia panda ya sokoni, Baba akakata kushoto, na upande huohuo, nyuma yetu kidogo, kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyefunga kreti mbili za chupa. Akapiga kengele. Akapiga tena. Akapiga ya tatu, na juu yake akapaza sauti, "Mzee! Mzee wee!" Baba aliendelea kukata taratibu, kama mtu aliye peke yake barabarani. Baiskeli ikaparamia ukingo wa njia, chupa zikagongana, mwenyewe akabaki ameegemea mguu mmoja, kifua kikimpanda na kushuka.

Baba alimwona kwenye kioo.

"Vijana wa siku hizi," alisema. "Hata kengele hawapigi."

Nilimvuta Kifaranga karibu yangu.

Jikoni nilimkuta Mama akichambua mchele. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Kaa kitako, unanitia kizunguzungu," alisema.

"Mama, baba hasikii."

"Nani hasikii? Mwambie chakula tayari uone kama hasikii."

"Anaona sahani, mama."

Punje mbovu zikaenda upande mmoja wa ungo, nzima upande mwingine.

"Ile dashibodi inalia," nilisema.

"Najua inalia! Nina meno mawili ya bandia, yote mawili yalikuwa yakicheza ngoma." Alicheka, kisha akaacha. "Sasa ulitaka nimwambieje? Mtu ametoka chini ya usukani uso unang'aa kama sahani mpya. Baba amesema kimya, basi ni kimya."

"Na yule wa baiskeli?"

Ungo ukasimama.

"Mwaka mzima nimepandisha sauti yangu," alisema polepole. "Majirani wanadhani tunagombana. Redio ikiwa juu nasema mimi ndiye niliyeipandisha. Mwanangu, mtu yule alikuwa anakauka pale kibarazani kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Leo amepata pa kwenda asubuhi. Wewe ndiye utakayemwambia?"

"Mimi ni mkwe tu, mama."

"Haya basi."

"Lakini mtoto ni wangu."

Aliurudia mchele uleule aliokwisha kuuchambua.

Siku ile sikukalika. Nilikuwa kama kuku anayetaka kutaga asiyejua pa kutagia. Nilikunja nguo za Kifaranga, nikazikunjua, nikazikunja upya. Nikafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nikampigia simu mume wangu, nikasikia nyundo nyuma yake.

"Umwambie Baba nini?" alisema. "Kwamba hajui gari? Wee! Ngoja nije mwisho wa mwezi, tutalizungumza."

"Mwisho wa mwezi watoto watakuwa wameshapanda siku ishirini."

"Basi sema naye taratibu."

"Taratibu hasikii. Hilo ndilo nalokwambia."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikawaza kwenda kwa Mwalimu Mkuu moja kwa moja, nimweleze, amwondoe Baba kwa sababu yoyote atakayoipata. Lakini hapo ningekuwa nimemvua mzee nguo sokoni, halafu nirudi nyumbani nimpakulie chakula. Na nikinyamaza? Nilipofumba macho niliona migongo sita midogo na mabegi, na kengele zote za mji zikipigwa nyuma yake bure.

Nilimaliza sekondari shule ya jioni, mimba ya Kifaranga ikinizuia kukisogelea kidawati. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na mchezo mmoja. Alibana rula ukingoni mwa meza, akaipiga kidole, ikalia. Akatuita mmoja mmoja tuiguse. "Sauti ni mtetemo," alisema. "Sikio ni mlango wake mmoja tu." Wenzangu walikimbilia mitihani, mimi ile rula ilinikaa vidoleni. Na Jumapili, nikiwa natembea uani bila sababu, nikijua fika siwezi kumwambia Baba kwa mdomo, nikaikumbuka.

Alikuwa kibarazani. Nilipita mbele yake ili anione.

"Baba, naomba unifundishe kuifungua dashibodi."

"Imeshapona hiyo."

"Ndiyo, baba. Ila ulinifundisha kuendesha, ndani yake hukunionyesha. Mwanafunzi wa nusu ni aibu ya mwalimu."

Hilo lilimwingia. Ni kweli yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Leseni yangu ilikuwa na mwaka, lakini kumwendesha Bibi Arusi na abiria ndani, hapo hatujafika, alisema kila nilipouliza. Akainuka, akachukua bisibisi.

Alichomoa waya mmoja wa betri kwanza. "Umeme haujui mkwe," alisema. Akanionyesha skrubu nne za fremu ya mita, mbili zimejificha juu, za kutafuta kwa ncha ya kidole. Redio ikatoka. Kisanduku cha abiria kikatoka. Ile plastiki ndefu ya juu ikainuliwa kidogo kidogo, Baba upande wake na mimi wangu, na chini yake tukakuta duka.

Kiberiti kilichobanwa. Fomu za ofisi ya wapima ardhi zilizokunjwa mara nane. Kizibo. Mpini wa mswaki. Na mguu wa mwanasesere wa Kifaranga, uliotafutwa tangu mwaka jana hadi mtoto akapandwa na homa ya kulia.

"Baba! Na huu?"

"Ulikuwa na kipimo sawasawa," alisema bila aibu. "Mtu akilalamika inalia, naweka kimoja. Nauliza, mnasikia? Mkisema kimya, nafunga."

Nilibaki na ule mguu mkononi. Kumbe ndivyo. Yeye alitengeneza kwa masikio yetu, na sisi, kwa heshima, tulikuwa tukimpa masikio ya uongo. Kila tulipomwambia kimya, alikaza skrubu juu ya neno letu.

Akarudisha waya wa betri, akawasha gari ili anionyeshe. Dashibodi ikiwa uchi vile, kelele yake ilikuwa mara mbili. Njiwa walihama ukutani. Baba akanigeukia akitabasamu.

"Umeona? Hata ikiwa wazi, kimya."

Mkwe hamshiki baba mkono. Nikaelekeza kwa bisibisi kwenye bati jembamba nyuma ya mita.

"Baba, weka mkono hapo."

Akauweka. Tabasamu lilibaki usoni kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa kwamba karamu imekwisha. Akauondoa mkono. Akautazama. Akaurudisha, sasa kwa ncha za vidole.

"Inacheza," alisema.

"Inacheza, baba."

"Inalia?"

Ningeweza kusema kidogo. Ningeweza kusema si sana.

"Inalia, baba. Inalia sana."

"Jana pia?"

"Jana pia."

"Na mama yako akasema kimya kabisa."

"Wote tulisema. Mtoto alitaka kusema kweli, nikamziba mdomo."

Akazima gari. Akakaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, mikono katikati ya magoti. Ndani ya nyumba Kifaranga alikuwa akimwimbia Mama wimbo wa herufi, na nilijua Baba hausikii, na nadhani yeye naye alijua kwamba kuna kitu mimi nakisikia.

"Yule mtu wa baiskeli," alisema hatimaye.

"Alipiga kengele mara tatu, baba. Halafu akaita mzee, mzee."

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Miguu ilishaanza kwenda yenyewe. Akaitazama mikono yake. Kisha akasema neno moja.

"Washa."

Niliwasha. Baba akafumba macho, akaipapasa dashibodi kwa viganja vyote viwili, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mkunga anayetafuta mtoto amelala upande gani. Alirudi nyuma, akakaza kidole mahali. "Hapa," alisema. Dakika tano hazikutimia. Bati la nyuma ya mita lilikuwa limepoteza mpira wake, chuma kinapiga chuma. Na upande wa abiria, kijiti cha plastiki kinachozishika skrubu kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo zile skrubu mbili alizozikaza Jumamosi zilikuwa zikizunguka bila kushika kitu. Masikio yangu mazima yalikuwa yameniambia tu kwamba inalia. Viganja vyake vilijua wapi.

"Tunataka mpira," alisema. "Mlaini, usio mnene."

Nikaangaza uani. Kandambili za Mama zilikuwa mlangoni. Baba alizitazama, akanitazama.

"Ya kushoto imechakaa zaidi," nilisema.

"Wewe ndiye uliyesema," alisema, akachukua wembe.

Tulikata viduara vinne kwenye kisigino. Kijiti kilichopasuka tulikifunga kwa waya mwembamba na kukipaka gundi, tukakiacha kikauke juani huku Baba akinifundisha majina ya nyaya kwa rangi zake. Kisha tukaanza kurudisha. Kila kipande kikiingia, gari linawashwa, naye ananiuliza akinitazama mdomo:

"Sasa?"

"Bado, baba."

"Sasa?"

"Bado. Imebaki upande wa abiria."

Akafungua, akaongeza kiduara, akakaza. "Sasa?"

Nilisikiliza. Injini ilikuwa ikinguruma peke yake, kama mtu aliyeachiwa nafasi ya kuzungumza.

"Sasa kimya."

"Kimya cha kwako, au kimya cha mama yako?"

"Cha kwangu, baba."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Hapo sauti ikatoka ndani ya nyumba: "Nani amechukua kandambili yangu ya kushoto?" Nilicheka hadi nikashika mlango. Baba akauliza nini, nikamweleza. "Mwambie iko kazini," alisema, naye akacheka, lakini kicheko hakikumfika machoni.

Kuhusu Jumatatu hakusema kitu. Nami sikuthubutu kuuliza. Jioni alitoa pasi, akalinyoosha shati jeupe mwenyewe, kola, mikono, mgongo, polepole. Nikapita pale mara nne, nikijifanya natafuta pini. Amelipiga pasi kwa nini? Mtu asiyekwenda mahali anapiga pasi shati? Mama alinitazama akanyanyua mabega. Nilikaa mezani na daftari langu, nikaandika sentensi za kumwambia, nikazikata zote. Zote zilikuwa nzuri kwenye karatasi.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, jua ndiyo kwanza linapanda ukuta, Bibi Arusi alikuwa tayari ananguruma uani. Baba alikuwa nyuma ya usukani. Shati jeupe, ndevu zimenyolewa. Dashibodi kimya kama maji mtungini. Kifaranga akapiga kelele ya furaha, akakimbilia mlango wa nyuma, begi likimpiga visigino. Nikamshika mkono.

"Ingieni, tunachelewa," alisema Baba.

Sikusogea. Mama alikuwa mlangoni amevaa viatu vya kwendea mjini, maana kandambili hana. Nilitaka aseme yeye. Nilitaka mume wangu aseme, kutoka huko kwenye daraja lake.

"Baba, mtoto haingii."

Alinitazama mdomo. "Umesema?"

"Nimesema mtoto haingii, baba. Wewe ukiwa hapo."

Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama lile. Kifaranga mwenyewe aliacha kurukaruka.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema Baba. "Sijagonga hata kuku."

"Najua, baba."

"Wewe siku ya kwanza uligonga ndoo."

"Niligonga, baba."

"Mbili."

"Mbili, baba."

Mikono yake iliubana usukani. Ni hasira au ni nini, sijui hadi leo. Alitazama mbele, kupitia kioo, kwenye geti lililokwisha funguliwa na barabara nyuma yake. Nikahesabu pumzi za Kifaranga kwenye kiganja changu. Nikafikiri, ataondoka peke yake. Ataondoka akawachukue wale watano, na mimi nitakimbia nyuma ya gari mtaa mzima na nguo hizi.

Gari likazimika. Mlango ukafunguliwa. Baba akashuka, akazunguka mbele ya boneti, akapita karibu yangu hadi nikanusa sabuni ya kunyolea, akafungua mlango wa abiria na kukaa. Ufunguo aliuacha kwenye swichi.

"Leseni yako iko wapi?"

"Ndani, kwenye sanduku."

"Unangoja ikufuate? Kailete. Mtoto mwache hapa, nitamfunga mkanda mimi."

Nilikimbia. Nilirudi nikiwa nimekosea kufunga vifungo vya blauzi, Mama akavifunga upya mlangoni kwa vidole vyake baridi. Nilipokaa nyuma ya usukani, kiti kilikuwa mbali na pedali kwa urefu wa miguu ya Baba. Nikakivuta mbele.

"Kwanza kwa Mwalimu Mkuu," alisema. "Siwezi kugonga milango ya watu nikiwa na jambo asilolijua yeye."

Kwenye geti la nyumbani nilizima injini. Bila kutaka.

"Klachi," alisema Baba, akitazama mbele. "Klachi, mama. Haijakukosea kitu."

Mwalimu Mkuu alikuwa akifungua kufuli la shule. Baba alishuka mwenyewe, hakuniacha niseme.

"Mwalimu, masikio yangu yamestaafu, na hayakuniaga. Nimeambiwa jana. Dereva ni huyu mkwe wangu, nimemfundisha mwenyewe, ndoo mbili tu. Mimi nitakuwa mtu wa milango na mikanda. Ukikataa, sikulaumu."

Mwalimu aliitazama leseni mbele na nyuma. Akanitazama mimi, nikaona aibu ya jasho langu kwenye usukani. Akamtazama Baba, muda mrefu zaidi. Kisha akarudisha kufuli, akapanda kiti cha nyuma kabisa na mkoba wake.

"Leo nakwenda nanyi," alisema. "Wiki nzima nakwenda nanyi. Nitasema Ijumaa."

Baba alinigeukia. "Amesemaje?"

"Amesema wiki nzima anakuja nasi, baba. Atasema Ijumaa."

"Haki yake."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na geti la bati, na msichana mdogo amesimama na mama yake, amekumbatia chupa ya maji kama mtu aliyekatazwa kuiweka chini. Nilisimamisha gari karibu na ukingo wa njia, si vibaya, si vizuri. Baba alishuka, akamsalimu mama mtu, akafungua mlango, akampandisha mtoto, akapitisha mkanda na kuubana. Msichana akasema kitu. Kwa sauti ndogo, kwa ile chupa hasa.

Nilijua kitakachofuata. Baba angecheka na kuitikia kwa kichwa, kama alivyofanya mwaka mzima kwa kila kitu kilichompita. Nikaanza kugeuka ili nimrudilie maneno.

Lakini alipiga magoti pale kwenye vumbi la barabara, na shati lile, akainamisha kichwa ndani ya gari.

"Sema tena, mjukuu wangu, na useme kwa nguvu. Babu hasikii."

"Nimesema," alipiga kelele msichana hadi Mwalimu Mkuu akaruka kitini, "mkanda unanibana!"

"Ahaa," alisema Baba, na akaulegeza.